Kilichotoka Shambani Nacho Ni Kemikali: Safari ya Molasi hadi Spiriti

Kwenye vibandiko vya sabuni, losheni, dawa za mbu, mifuko na vikombe vya kahawa kuna maneno matatu yanayojirudia siku hizi: "ya asili", "imetokana na mimea", "haina kemikali". Mawili ya kwanza yanaweza kuwa kweli. La tatu haliwezi, hata siku moja. Maji ni kemikali. Chumvi ni kemikali. Sukari ya chai ni kemikali yenye atomu 12 za kaboni, 22 za haidrojeni na 11 za oksijeni, na muwa huitengeneza bila kumuuliza mtu. Kemikali ni kitu chochote kilichoundwa kwa atomu zilizoshikana kwa mpangilio maalumu. Kuna zenye sumu na zisizo na sumu, na sumu yenyewe hutegemea umeingiza kiasi gani mwilini.

Tunaposema kemikali za mimea, basi, tunazungumzia jambo moja tu: kaboni iliyomo ndani yake imetoka wapi. Sehemu kubwa ya plastiki, rangi, gundi, viyeyusho na dawa za viwandani hutengenezwa kwa kaboni iliyochimbwa ardhini, yaani mafuta ghafi, gesi asilia na makaa ya mawe. Kaboni ya mimea imevutwa kutoka hewani na jani la kijani, msimu huu au uliopita. Shamba hupandwa tena, kisima cha mafuta hakijazwi tena. Ndiyo maana malighafi hii huitwa jadidifu.

Watu wengi hudhani kuwa ethanoli ya miwa, yaani spiriti au kileo kilichomo ndani ya pombe, ni kitu tofauti na ethanoli iliyotengenezwa kiwandani kwa mafuta ya petroli. Sivyo. Molekuli ni ileile, inachemka kwenye joto lilelile, inaua vijidudu vilevile. Maabara inayotaka kuzitofautisha hulazimika kupima kaboni-14. Hii ni aina ya kaboni iliyomo hewani kwa kiasi kidogo mno, nayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Muwa wa mwaka huu unayo. Petroli, iliyokaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka, haina hata chembe. Tofauti inaishia hapo.

Mimea hutoa malighafi za namna nne hivi. Kuna sukari ya miwa na matunda. Kuna wanga wa mahindi na mihogo, ambao ni sukari zilizofungwa kwenye mnyororo. Kuna mafuta ya mawese, nazi, alizeti na mbarika. Na kuna mwili wenyewe wa mmea, yaani mti, bua, gunzi na maganda, ambao umejengwa kwa selulosi na lignini. Ugumu wa kazi hupanda kwa mpangilio huohuo wa sukari, wanga na mti. Sukari iko tayari kuliwa na hamira. Wanga sharti ukatwe kwanza kwa vimeng'enya. Mti sharti uvunjwe kwa joto, asidi na subira.

Watu wa pwani wanaijua kemia hii tangu zamani. Mgema hushusha tembo la mnazi asubuhi likiwa tamu. Jioni limekuwa kali, kwa sababu hamira ya hewani imekula sukari na kuacha ethanoli. Likiachwa wazi siku kadhaa, bakteria huchukua oksijeni na kuigeuza ethanoli hiyo kuwa asidi ya siki. Hatua mbili, kemikali mbili, na hakuna mtambo. Kiwanda kinafanya hayohayo, ila hakina nafasi ya kubahatisha.

Molasi: kinachobaki baada ya sukari

Kiwanda cha sukari kikisaga tani moja ya miwa, hupata takriban kilo 100 za sukari na kilo 40 hivi za molasi, ule uji mweusi mzito ambao sukari yake haitaki tena kuganda kuwa chembe. Bado karibu nusu ya uzito wa molasi ni sukari inayoweza kuchachuka. Muhoroni, magharibi mwa Kenya, kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kimejengwa juu ya ukweli huo: kinachukua molasi na kutoa ethanoli pamoja na hamira ya mikate.

Molasi yenyewe haichachi ikiwa nzito, kama vile asali haichachi. Sukari ikiwa nyingi kupita kiasi hufyonza maji kutoka ndani ya hamira na kuiacha imekauka. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuongeza maji. Kila kilo moja ya molasi hupewa maji lita 2.5 hadi 3, mpaka vitu vilivyoyeyuka vifikie asilimia 20 hadi 23 ya uzito. Ukiongeza maji machache, hamira inachoka kabla sukari haijaisha. Ukiongeza mengi, utapata pombe hafifu, halafu utateketeza mvuke mwingi kuyachemsha maji usiyoyahitaji.

Kisha huongezwa asidi kidogo ya salfa hadi uchachu ufikie pH 4.5 hadi 5 (pH ni kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi). Hamira huistahimili hali hiyo na bakteria wengi hawaipendi. Molasi ina sukari tele lakini nitrojeni na fosforasi zake hazitoshi, hivyo huongezwa urea na mbolea ya DAP, ileile ya shambani, kwa kiasi kidogo. Hamira hukuzwa pembeni kwanza ikipulizwa hewa, maana ikiwa na oksijeni inazaana. Ikiingizwa kwenye tangi kubwa, oksijeni huisha upesi, nayo inaacha kuzaana sana na kuanza kutengeneza ethanoli.

Baada ya saa 24 hadi 48, tangi lina ethanoli ya asilimia 8 hadi 10. Hesabu yake haibadiliki popote duniani: gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za kaboni dioksidi. Yaani karibu nusu ya sukari huondoka kama hewa. Hakuna fundi awezaye kuipita hesabu hiyo. Kiwanda kizuri hufikia asilimia 85 hadi 90 ya kile ambacho hesabu inaruhusu, na hapo tani moja ya molasi hutoa lita 230 hadi 270 za ethanoli. Ukiona mtu anaahidi lita 400, ama hajui, ama anatafuta mwekezaji.

Mambo yanayoharibika hapa ni mengi, na karibu yote yanatokana na joto au uchafu. Hamira ikifanya kazi hutoa joto lake yenyewe. Inapenda nyuzijoto 30 hadi 34. Ikivuka 38 inalegea, ikivuka 40 inaanza kufa. Katika mabonde ya miwa, ambako mchana wenyewe ni nyuzi 33, tangi lisilopozwa kwa maji linaweza kujipika lenyewe kabla ya alasiri. Bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa ya mgando, wakipenya hula sukari na kuacha uchachu. Dalili ni pH kushuka upesi na harufu kubadilika, na kila kilo ya sukari waliyokula imepotea. Hata molasi iliyohifadhiwa vibaya huleta hasara: ikikaa kwenye tangi lenye joto zaidi ya nyuzi 40 kwa muda mrefu, sukari yake huanza kuungana na protini, inakuwa nyeusi zaidi, inatoa povu, na mara nyingine humwagika juu ya tangi.

Ipo hatari nyingine ambayo kila anayefanya kazi ya uchachushaji lazima aijue. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa. Hulala chini ya tangi hata baada ya tangi kumwagwa, haina rangi, na mtu akiingia kulisafisha bila kupuliza hewa safi kwanza anazimia ndani ya muda mfupi. Anayeruka kumwokoa huanguka naye.

Mnara wa kukenekea

Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78.3, maji nyuzi 100. Ukichemsha mchanganyiko, mvuke wa mwanzo una ethanoli nyingi kuliko kilichobaki chunguni. Mpika gongo au chang'aa anautumia ukweli huo mara moja au mbili. Kiwandani kuna mnara wenye sahani nyingi zilizopangwa juu kwa juu, na kila sahani ni kama chungu kinachochemshwa na mvuke wa chungu cha chini yake. Kadiri mvuke unavyopanda ndivyo maji yanavyoachwa nyuma. Molasi ina kalisi nyingi, na kalisi ikikutana na asidi ya salfa tuliyoongeza hutengeneza ukoko mgumu kwenye sahani, kama ule wa birika la maji ya chumvichumvi. Mnara usiposafishwa, mvuke hupita kwa shida na ubora hushuka.

Kwenye asilimia 96 hivi kwa uzito, mnara unagota. Hapo mvuke na kimiminika vina mchanganyiko uleule, hata uongeze sahani mia. Asilimia 96 inatosha kwa vitakasa mikono, manukato, dawa na majiko ya kupikia. Haitoshi kuchanganywa na petroli, kwa sababu maji yaliyobaki yanaweza kujitenga na kutuama chini ya tangi la gari. Kwa kazi hiyo ethanoli hupitishwa kwenye punje za madini ya zeolaiti zenye vitundu vidogo kiasi kwamba molekuli ya maji inaingia na ya ethanoli inakwama nje. Punje zikishiba maji, hupashwa joto na kutumika tena.

Na kwa kuwa majiko ya ethanoli yamezungumzwa sana mijini: lita moja ya ethanoli ina nishati kama asilimia 60 ya lita moja ya mafuta ya taa. Anayelinganisha bei ya lita kwa lita anajidanganya. Faida yake ni moto usio na masizi wala harufu.

Lita 10 hadi 15 zinazobaki

Habari hii haiandikwi kwenye kibandiko chochote. Kila lita moja ya ethanoli huacha nyuma lita 10 hadi 15 za maji ya kahawia, ya moto, yenye asidi na chumvi nyingi za potasiamu. Yakimwagwa mtoni, bakteria huyala kwa pupa na kumaliza oksijeni ya maji. Samaki hufa kwa kukosa pumzi, ingawa hakuna "sumu" yoyote iliyomwagwa. Mabaki ni ya mimea mitupu na bado yanaua mto.

Dawa yake inajulikana. Kwanza yanaingizwa kwenye matangi yaliyofungwa ambamo bakteria wasiohitaji oksijeni huyageuza kuwa gesi ya methani, na methani hiyo hurudi kuchemsha maji ya kiwanda. Yanayobaki hupelekwa shambani kama mbolea ya potasiamu, lakini kwa kipimo, maana yakizidi huchumvisha udongo. Kiwanda cha kemikali za mimea kinachokataa kuonyesha mahali maji haya yanapokwenda hakistahili kuitwa rafiki wa mazingira.

"Ya mimea" na methanoli

Mei 2014, makumi ya watu walikufa nchini Kenya, na wengine wakapofuka, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, jamaa wa ethanoli mwenye sumu. Tangu hapo imeenea imani kwamba methanoli huzalishwa na uchachushaji mbaya. Sivyo. Hamira ikila sukari hutoa ethanoli. Methanoli hutokea kwa kiasi kidogo tu, hasa kutokana na pektini ya matunda. Vifo vya watu wengi kwa mkupuo kwa kawaida hutokana na mtu kununua methanoli ya viwandani, ambayo ni ya bei nafuu, na kuiongeza ili pombe iwe nyingi.

Methanoli yenyewe iliitwa zamani spiriti ya mti, kwa sababu ilipatikana kwa kuchoma mbao ndani ya chombo kisichoingiza hewa na kukusanya mvuke wake. Ilikuwa kemikali ya mimea kwa asilimia mia moja. Mililita 10 zake zinaweza kumpofusha mtu na 30 zinaweza kumuua, kwa kuwa ini huigeuza kuwa asidi ileile ya fomiki iliyomo kwenye sumu ya baadhi ya sisimizi. Dalili hukawia saa 12 hadi 24: kichefuchefu, kisha macho kuona ukungu. Anayeona hivyo aende hospitali mara moja, asisubiri "kulala iishe". Na kumwaga pombe ya mwanzo inayotoka kwenye bomba la kukenekea hakuondoi methanoli yote, kwani hujigawa na kuingia kwenye mkeneko mzima. Kuwasha kwa kiberiti na kuangalia rangi ya moto nako hakuthibitishi chochote.

Chupa moja, asili tatu

Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofika, kila mtu alijifunza kunusa kitakasa mikono. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani kwa lita 10 ni haya: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333; haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, mililita 417; glisirini ya asilimia 98, mililita 145; kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka ifike lita 10. Mchanganyiko hukaa saa 72 kabla ya kutumika, ili peroksidi iue mbegu za vijidudu zilizokuwa kwenye vyombo.

Swali lililoulizwa sana ni kwa nini kuipunguza nguvu. Ethanoli ya asilimia 96 hukausha ganda la kijidudu kwa nje na kuacha protini za ndani. Maji ndiyo yanayoisaidia kupenya na kuzivuruga protini hizo, na pia huizuia isiruke hewani kabla ya kumaliza kazi. Asilimia 80 inaua vizuri zaidi. Ila mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 17 na kidogo, na mchana wa Dar es Salaam au Mombasa haupoi hivyo hata Julai. Kuchanganyia jikoni karibu na jiko ni kutafuta msiba.

Katika chupa hiyo ethanoli imetoka kwenye miwa. Peroksidi haikutoka kwenye mmea wowote. Glisirini imetoka kwenye mafuta, mara nyingi ya mawese, na njia yake ni ileile ya sabuni. Mafuta ni asidi tatu zilizofungwa kwenye glisirini moja. Kostiki soda huzikata zile asidi zikawa sabuni, na glisirini hubaki huru, takriban kilo 100 kwa tani moja ya mawese. Kwa hiyo sabuni ya kipande "isiyo na kemikali" imetengenezwa kwa mojawapo ya kemikali kali zilizopo sokoni, ila ikipimwa sawasawa haibaki. Kupima ndiko kwenyewe: kilo moja ya mawese inahitaji gramu 141 hivi za kostiki soda, kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 183. Anayetumia kipimo cha nazi kwenye mawese anauza sabuni inayobabua ngozi. Anayefanya kinyume chake anapata sabuni laini, yenye mafuta, inayochacha kabatini. Watengenezaji makini hupunguza kostiki kwa asilimia 5 ili kuwa upande wa usalama.

Mfuko wa miwa hauozi

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tangu hapo wafanyabiashara hujaribu kusema mfuko wao ni halali kwa kuwa umetokana na mimea. Mimea na kuoza ni mambo mawili tofauti.

Triunfo, kusini mwa Brazili, kampuni ya Braskem ilifungua mwaka 2010 kiwanda chenye uwezo wa kutoa tani 200,000 kwa mwaka za ethilini ya miwa. Ethanoli hupitishwa kwenye kichocheo kilichopashwa moto, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko bila chenyewe kuisha, ikapoteza molekuli moja ya maji na kuwa ethilini, nayo ikaungwa kuwa polithini. Polithini hiyo ni ileile ya mafuta. Itakaa baharini miaka ileile na kuziba mtaro uleule. Faida yake ni kwamba kaboni yake ilitoka hewani, na hiyo ni faida ya kweli, lakini mbuzi akiimeza hafi kifo tofauti.

Plastiki ya PLA ni kitu kingine. Wanga wa mahindi hukatwa kuwa glukosi, bakteria huigeuza kuwa asidi ya laktiki, asidi hiyo ikaungwa kuwa plastiki. Hii inaoza, kwa sharti la kukaa miezi kadhaa kwenye rundo la mboji la kiwandani lenye nyuzi 58 hadi 60 na unyevu wa kutosha. Kwenye mtaro au ufukweni hukaa miaka. Na kwa kuwa hulainika karibu na nyuzi 60 hizohizo, kikombe cha PLA ya kawaida ukikitilia chai ya moto kinajikunja mkononi.

Upande wa pili kuna plastiki ya mimea ambayo hakuna anayetaka ioze. Mafuta ya mbarika, au mnyonyo kama wengine wauitavyo, yana asidi moja ya ajabu inayofikia karibu asilimia 90 ya mafuta yote, na kutokana nayo Wafaransa wamekuwa wakitengeneza naironi 11 tangu katikati ya karne iliyopita. Ni mabomba ya mafuta na breki za magari. Mashudu yanayobaki yana risini, sumu kali mno, na hayafai kumpa ng'ombe kabla ya kupashwa joto la kutosha kuiharibu.

Kwa nini si kila bua

Molasi nayo ina watu wanaoihitaji. Wafugaji huichanganya na majani makavu wakati wa kiangazi, na kiwanda cha spiriti kikinunua yote bei yao inapanda. Mvuke wa kukenekea nao lazima utoke mahali. Ethanoli ya miwa ina sifa nzuri kwa sababu makapi ya miwa yenyewe ndiyo yanayochomwa kwenye boila. Spiriti ileile ikichemshwa kwa dizeli, sehemu kubwa ya faida kwa hewa imeliwa. Urea ya shambani imetengenezwa kwa gesi asilia. Hata pareto ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania, dawa ya wadudu ya asili kabisa, hukamuliwa kutoka kwenye maua kwa heksani, kiyeyusho cha petroli, na kiuatilifu hicho cha maua huua nyuki na samaki kama kinavyoua mbu.

Ndipo watu huuliza: mbona tusitumie magunzi, mabua na maranda, ambavyo vimejaa na havina mwenyewe? Kemia ipo. Kampuni ya Quaker Oats huko Iowa, Marekani, ilikuwa ikitengeneza furfurali, kiyeyusho cha viwandani, kwa maganda ya oti tangu miaka ya 1920, kwa asidi na mvuke tu, na magunzi yanafaa vilevile. Kikwazo kiko barabarani. Gunzi ni jepesi na limejaa hewa, lori hujaa kabla halijawa zito, na mashamba ya nusu ekari yametawanyika vijiji ishirini. Dizeli ya kukusanya inaweza kugharimu zaidi ya kemikali itakayopatikana. Maganda ya Quaker hayakukusanywa na mtu, yalikuwa yamerundikana mlangoni mwa kinu cha uji. Molasi nayo inamwagika mahali pamoja kutoka bomba moja.

Kwa sababu hiyo mkonge unastahili kuangaliwa kabla ya magunzi. Katika jani la mkonge nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito. Zilizobaki, majimaji na nyama ya jani, hutoka pamoja na maji kwenye korona, mashine ya kutenga nyuzi, ya kila shamba la Tanga, tayari zimesagwa, tayari ziko mahali pamoja. Hale, katika mkoa huohuo, palijengwa mtambo wa kuzigeuza kuwa gesi ya kuzalishia umeme, na katika majimaji hayohayo kuna hekojenini, malighafi inayoweza kuanzishiwa dawa za jamii ya steroidi. Kwenye mashamba mengine bado hutiririka moja kwa moja mtaroni.